Alama ya Baba na Safari ya Wachungaji wa Kale

Nataka kueleza jinsi urithi wa baba kwa mwana unavyotuonyesha njia waliyopita wachungaji wa kale hadi nchi za jangwa.

Katika seli za mwili kwa kawaida mna kromosomu 46, nazo ndizo zichukuazo urithi wetu. Moja, iitwayo Y, baba humpa mwana wa kiume tu, binti hapati. Mara chache hutokea badiliko dogo katika Y. Tangu hapo badiliko hilo huwa alama, nalo hurithiwa na wana, wajukuu na vitukuu wa kiume wa upande huo.

Alama mojawapo huitwa M293. Mwaka 2008 wataalamu walieleza kwamba wameiona kwa wanaume wengi wa Kidatoga hapa Tanzania, na pia kwa Wakhwe, walioko mbali kusini, kandokando ya jangwa la Kalahari. Mwaka 2019 wengine walichunguza mifupa ya watu wa kale 41 wa Kenya na Tanzania, wakaikuta alama hiyo kwa wafugaji walioishi zaidi ya miaka 2,000 iliyopita.

Je, tuna ushahidi mwingine? Tunao. Kusini mwa Afrika hapakuwa na kondoo wa mwitu, lakini mifupa ya kondoo wa kufugwa, yenye umri wa miaka 2,000 hivi, imefukuliwa huko. Tena baadhi ya Wanama, wafugaji wa nchi kavu ya Namibia, wana badiliko la urithi liwawezeshalo watu wazima kunywa maziwa bila kuumwa tumbo. Nalo lipo Kenya na Tanzania. Basi yaelekea wachungaji fulani walitoka pande zetu pamoja na mifugo yao.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya urithi wa Wanama yatoka kwa wawindaji wenyeji wa kusini. Yaonekana wageni walikuwa wachache, wakaoa huko, na wenyeji wakajifunza kufuga.

Hapa bwenini nimewasikia wengine wakijivunia ukoo wa baba na kuwadharau wenzao. Ukihesabu vizazi 10 nyuma, utapata nafasi 1,024 za wazee. Y yataja mmoja tu, na mama zetu hawamo kabisa. Tuulizane koo ili tujuane, si ili tupimane.