Mtoto Mwenye Kisukari: Tuangalie Pia Shingo na Macho

Mzazi wa mtoto mwenye kisukari aina ya kwanza hujifunza upesi kupima sukari na kuchoma sindano ya insulini. Hata sukari ikiwa imetulia, tezi ya thairoidi na macho vyahitaji uangalizi wake.

Katika kisukari hiki, kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na viini vya magonjwa, huziharibu seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Mtoto hakukosa lolote, wala si kwa sababu ya kula peremende. Kinga hiyo yaweza pia kuishambulia thairoidi, tezi iliyo mbele ya shingo inayoongoza kasi ya kazi za mwili. Tezi ikidhoofika, mtoto huchoka, huhisi baridi, hupata choo kigumu, hukua polepole, na sukari yake yaweza kushuka mara kwa mara. Ikizidisha kazi, hukonda, moyo humwenda mbio, na pengine macho hutokeza. Asiyejua humwita mvivu au mtukutu.

Nayo sukari ikikaa juu kwa miaka, huharibu mishipa midogo ya damu ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Madhara haya huanza kimyakimya, mtoto akiwa bado anasoma ubaoni bila shida. Utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada, uliotangazwa mwaka 1993, ulionyesha kwamba kudhibiti sukari kwa makini hupunguza hatari ya kuanza kwa madhara hayo kwa asilimia 76.

Kwa hiyo tusingoje dalili. Damu ipimwe thairoidi baada ya kisukari kugunduliwa na sukari kutulia, kisha kila mwaka mmoja au miwili. Macho yachunguzwe tangu umri wa miaka 11 hivi, ikiwa mtoto ameishi na kisukari miaka 3 hadi 5. Thairoidi iliyodhoofika hutibiwa kwa kidonge cha kila siku. Madhara ya retina yakigunduliwa mapema, upofu waweza kuzuiwa.

Mtoto akisinzia katika mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, tuulize afya yake kabla ya kumkaripia. Tena, mtu yeyote asimwambie aache insulini kwa kuwa ameombewa. Tumwombee, na sindano yake iendelee.