Seleniamu katika Ukuzaji wa Seli: Kiasi Kidogo, Athari Kubwa

Seli za binadamu zinapokuzwa nje ya mwili, maisha yake yote humtegemea mtafiti. Hupata alichozipa na hukosa alichokisahau. Sukari, chumvi, vitamini na asidi amino ni nadra kusahaulika, kwa kuwa zimo tayari katika vimiminika lishe vinavyouzwa. Kinachosahaulika mara nyingi ni seleniamu. Elementi hii haimo katika viambato vya kawaida vya DMEM wala RPMI 1640, vimiminika ambavyo hutumika sana katika maabara za tiba. Makala haya yanaeleza kazi ya seleniamu ndani ya seli, sababu za kuiongeza kwa njia ya sodiamu seleniti, na tahadhari zinazopasa kuzingatiwa.

Kazi yake ndani ya seli

Seleniamu iligunduliwa na mkemia wa Sweden, Jöns Jacob Berzelius, mwaka 1817. Kwa muda mrefu ilifahamika zaidi kama sumu ya mifugo, hadi mwaka 1957 Klaus Schwarz alipoonyesha kwamba kiasi kidogo chake huzuia kuoza kwa ini la panya wanaolishwa chakula duni. Mwaka 1973 ilibainika kuwa elementi hii ni sehemu ya kimeng'enya kiitwacho glutathioni peroksidesi, ambacho hugeuza peroksidi ya hidrojeni kuwa maji. Seli yoyote itumiayo oksijeni huzalisha peroksidi hiyo wakati wote, na isipoondolewa huharibu mafuta, protini na jeni.

Seleniamu huingia katika protini ikiwa ndani ya asidi amino ya 21, selenosisteini. Protini za namna hii zinatokana na jeni 25 za binadamu. Mojawapo ni GPX4, inayolinda mafuta ya utando wa seli. Inapopungua, seli huwa hatarini kufa kwa njia iliyopewa jina la feroptosisi mwaka 2012.

Upungufu uliofichwa na seramu

Kwa nini basi seli nyingi hukua bila seleniamu kuongezwa? Jibu limo katika seramu ya vijusi vya ng'ombe, ambayo kwa kawaida hutiwa kwa asilimia 10. Seramu hiyo huja na seleniamu yake, lakini kiasi chake hutofautiana baina ya fungu moja la uzalishaji na jingine. Mtafiti anapopunguza seramu hadi asilimia 1 au 2, au anapoiondoa kabisa, huondoa pia chanzo pekee cha seleniamu. Mwaka 1976 utafiti wa seli za WI-38, zitokazo katika mapafu ya binadamu, ulionyesha kuwa protini za seramu zikipunguzwa, seleniamu huwa hitaji la lazima la ukuaji.

Jambo hili lina uzito mkubwa kwa wanaopima dawa za mimea. Chukulia kwamba dondoo la mmea linapimwa uwezo wake wa kukinga seli dhidi ya peroksidi. Seli zenye upungufu wa seleniamu hufa upesi, kwa kuwa kinga yake ya asili imedhoofika. Dondoo lenye nguvu ya wastani litaonekana kuwa na nguvu kubwa kuliko ilivyo. Aidha, maabara nyingine ikirudia jaribio hilo kwa seramu ya fungu tofauti, yaweza kupata jibu jingine, na hakuna atakayejua sababu.

Kipimo na maandalizi

Kiasi kinachotumika mara nyingi ni takribani nanomolari 30, sawa na nanogramu 5 za sodiamu seleniti kwa mililita. Chupa ya mililita 500 huhitaji mikrogramu 2.6 tu, kiasi ambacho mizani ya kawaida haiwezi kukipima. Kwa hiyo huandaliwa myeyusho mama: miligramu 17.3 za sodiamu seleniti isiyo na maji ya fuwele huyeyushwa na kufikishwa mililita 100 za maji safi, na kupata milimolari 1. Myeyusho huo huzimuliwa mara 100, ukachujwa kwa kichujio cha mikromita 0.22, kisha mililita 1.5 zake hutiwa katika chupa. Lebo isomwe kwa makini, kwani aina yenye molekuli tano za maji huhitaji miligramu 26.3 badala ya 17.3. Baadhi ya maabara hutumia mchanganyiko uliotayarishwa wa insulini, transferini na seleniamu.

Ziada nayo ni hatari. Seleniti katika kiwango cha mikromolari kadhaa humenyuka na glutathioni ya seli, ikazalisha oksijeni tendaji na kuua aina nyingi za seli. Kosa la nukta moja ya desimali au mbili latosha kugeuza lishe kuwa sumu. Unga wenyewe ni sumu kwa binadamu pia. Uvaliwe glavu na vumbi lake lisivutwe.

Inashauriwa seli zipewe seleniamu siku mbili au tatu kabla ya jaribio, ili zipate muda wa kuunda vimeng'enya vyake. Kundi linganishi lipewe kiasi kilekile. Hatimaye, ripoti itaje kiwango cha seleniti kilichoongezwa, asilimia ya seramu na namba ya fungu lake, ili anayerudia kazi hiyo aanzie pale pale alipoanzia mtangulizi wake.