Kisukari na macho: Usisubiri hadi uone giza

Kwa wakazi wa Dodoma, ugonjwa wa macho tuliouzoea ni vikope. Kongwa imekuwa eneo la utafiti wa trakoma kwa miaka mingi, na wazazi wengi wa huku wanazijua dalili zake: jicho jekundu, tongotongo, kope zinazokwangua. Ndiyo maana ugonjwa wa retina unaoletwa na kisukari unatupiga chenga. Hauwashi, hauumi, jicho halibadiliki rangi. Baba anaendelea kuendesha bodaboda, mama anachambua mchele kama kawaida, huku mishipa midogo ya damu nyuma ya jicho ikivuja.

Retina ni utando unaopokea mwanga. Sukari ikikaa juu kwa miaka, mishipa yake huharibika. Retina ikikosa oksijeni huotesha mishipa mipya, dhaifu, inayopasuka ovyo. Hapo daktari hutumia leza kuchoma vidoa vidogo pembezoni mwa retina, mara nyingi zaidi ya 1,000 kwa awamu, ili mishipa hiyo isinyae. Utafiti mkubwa uliotangazwa Marekani mwaka 1976 ulionyesha kuwa tiba hii hupunguza hatari ya kupoteza uoni vibaya kwa zaidi ya nusu.

Wazo la kutibu retina kwa mwanga lilimjia Mjerumani Gerd Meyer-Schwickerath kutokana na macho yaliyoungua kwa kutazama kupatwa kwa jua mwaka 1945. (Waliokwenda Rujewa Septemba 2016 wanakumbuka tulivyosisitiziwa miwani maalumu.)

Ugumu ni kwamba jicho halitulii. Kwa kawaida daktari huitazama retina kupitia lenzi inayowekwa juu ya jicho lililotiwa ganzi. Mashine mpya zaidi huonyesha picha ya retina kwenye skrini wakati uleule: daktari anaweka alama pa kuchoma na pasipoguswa, mashine inafuata mwendo wa jicho, na likikimbia leza inakatika. Katikati ya retina ndiko kunakotuwezesha kusoma na kutambua sura za watoto wetu, hivyo kukosea hapo ni hasara kubwa.

Hata hivyo, kwangu mimi kuchelewa ni tatizo kubwa kuliko mashine. Leza hulinda uoni uliobaki. Uliopotea mara nyingi haurudi. Mwenye kisukari cha aina ya pili apimwe retina mara tu anapogundulika, maana huenda amekaa nacho miaka bila kujua. Mama aliyekuwa na kisukari kabla ya kushika mimba asingoje ajifungue, kwani ujauzito unaweza kuharakisha madhara.

Anzia kliniki ya macho iliyo karibu, uombe kupimwa retina. Ukipewa rufaa kwenda KCMC Moshi, au Muhimbili na CCBRT Dar es Salaam, piga simu kwanza uulize siku za kliniki ya retina. Treni ya SGR imefupisha safari ya Dar tangu 2024, lakini nauli ni ya watu wawili: dawa ya kupanua mboni hutia ukungu kwa saa kadhaa, na mgonjwa anahitaji wa kumshika mkono.