Je, Wajua? "Mwili" wa Paulo si Kiwiliwili Tu

Je, wajua kwamba "matendo ya mwili" anayoyataja mtume Paulo katika Wagalatia 5 mengi hayahitaji hata kuinua mkono? Uasherati na ulevi vimo, lakini vimebanana na uadui, wivu, hasira, fitina na husuda. Hayo mtu huweza kuyatenda akiwa ameketi kimya kanisani, macho kayafumba.

Neno la Kigiriki alilotumia ni *sarx*, yaani nyama. Hapo lina maana ya binadamu mzima, moyo na akili, anayeishi kwa kumpa Mungu kisogo. Kiwiliwili chenyewe Paulo hukiita *soma*, na katika 1 Wakorintho 6:19 asema ni hekalu la Roho Mtakatifu.

Augustino wa Hippo alilikazia jambo hili katika kitabu cha 14 cha *Mji wa Mungu*: Ibilisi hana nyama wala mifupa, ila kwa kiburi na husuda hana mpinzani.

Basi, kama dhambi si kiwiliwili, ni nini? Ni kukosa shabaha: kitenzi cha Kiebrania cha kutenda dhambi ndicho kilichomo katika Waamuzi 20:16, kuhusu mashoto 700 waliolenga unywele kwa kombeo bila *kukosa*. Kiswahili nacho hakikukosea: aliyekosa shabaha na aliyemkosea Mungu, wote wamekosa.