Kopo la mnanaa barazani: chatne kwa wakubwa, tahadhari kwa kichanga

Kwenye masoko ya Tanga fungu la mnanaa asubuhi huwa linavutia. Limelowekwa kwenye maji, limesimama wima pembeni ya giligilani, na harufu yake inamfikia mnunuzi kabla hajaliona. Likiingia kwenye kikapu na kupigwa na jua la saa sita, linafika nyumbani limesinyaa. Mpishi anachambua matawi manne ya biriani, na kesho yake yaliyobaki yanakwenda jalalani.

Fungu hilohilo ndilo mbegu. Mnanaa hauhitaji shamba wala pakiti ya dukani, na anayepanda mbegu halisi hujichosha bure, kwa kuwa huota polepole na mara nyingi mmea unaotoka haufanani na mama yake. Chagua tawi changa lisilo na maua, lenye urefu wa sentimita 10 hadi 15. Likate chini kidogo ya kifundo, ondoa majani ya chini, kisha lisimamishe kwenye glasi ya maji mahali penye kivuli. Badilisha maji kila baada ya siku mbili. Ndani ya wiki moja au mbili mizizi myeupe huwa imetoka, na hiyo ni kazi nzuri ya kumpa mtoto wa darasa la pili aliyekosa la kufanya wakati wa likizo.

Chombo kiwe kipana kuliko kirefu: dumu lililokatwa kiubavu, beseni lililopasuka, ndoo ya rangi iliyosafishwa vizuri. Toboa matundu chini. Udongo wa mchanga wa huku pwani haushiki maji, hivyo uchanganye na mboji au samadi ya mbuzi iliyooza kabisa, maana samadi mbichi huunguza mizizi. Usiupande pamoja na mchicha wala mrehani. Mnanaa hutambaa chini kwa chini na kumnyang'anya jirani nafasi yote.

Maelekezo mengi yanayosambaa kwenye simu husema mmea huu unataka jua la kutwa. Jua hilo ni la Ulaya. Kwa Tanga, hasa kuanzia Desemba hadi Machi, mnanaa unatosheka na jua la asubuhi, kisha ukuta au mwembe uukinge mchana. Masika yakianza shida inageuka: maji huzidi na mizizi huoza, kwa hiyo inua kopo juu ya matofali mawili. Wanaoishi karibu na bahari wajihadhari na maji ya kisima yenye chumvi, kwa kuwa kingo za majani hugeuka kahawia na mmea hudumaa. Maji ya bomba, ya mvua au yaliyooshea mchele yanafaa zaidi.

Hapo kwenye maji ndipo panapohitaji macho ya mzazi. Kwa kuwa mnanaa hupenda unyevu, wengi huweka kisahani chini ya kopo ili maji yasipotee. Kisahani hicho ni zalio la mbu anayeeneza dengue, yule mweusi mwenye madoa meupe anayeuma mchana, wakati chandarua kimekunjwa. Tanga haijasahau mwaka 2019, ugonjwa huo ulipoikumba pamoja na Dar es Salaam. Kumwaga maji peke yake hakutoshi, kwa sababu mayai hugandama ukingoni, hustahimili ukavu na kuanguliwa maji yakirudi. Ondoa kisahani kabisa, au kimwage na kukisugua kwa brashi angalau mara moja kwa wiki. Glasi ya kuoteshea vipando nayo isisahauliwe.

Jambo la pili ni zito zaidi. Mtoto mchanga akilia usiku kwa mchango, katika nyumba nyingi za pwani kuna mkubwa atakayependekeza maji ya majani, na mnanaa haukosi kutajwa. Nia ni njema. Hata hivyo, mtoto aliye chini ya miezi 6 anatakiwa kunyonya maziwa ya mama pekee, bila maji wala chai ya aina yoyote, isipokuwa dawa aliyoandikiwa na mtaalamu. Mwenye hatari kubwa zaidi ni binamu wa chai hiyo aliyeko dukani: mafuta ya mnanaa yaliyokolezwa na dawa za kuchua zenye mentho. Kumpaka mtoto wa chini ya miaka 2 puani au kifuani kunaweza kumbana koo na kumzuia kupumua. Anayekataa kunyonya, anayetapika nyongo, mwenye homa au damu kwenye choo apelekwe kituo cha afya usiku huohuo.

Na bibi aliyekwisha kuchemsha? Hakuna haja ya kubishana naye mbele ya wageni. Mwambie, "Ahsante mama, keti unywe wewe, umechoka." Kikombe hicho kinamfaa yeye, ila kama ana kiungulia cha mara kwa mara apunguze, kwani mnanaa hulegeza mlango wa juu wa tumbo na kuacha tindikali ipande. Wajawazito wengi nao watalitambua hilo.

Jikoni, mnanaa unaotokotwa sana hupoteza harufu. Zima moto kwanza, tumbukiza majani, funika dakika 5. Kwa watoto wakubwa wanaolilia soda, weka matawi mawili na vipande vya ndimu kwenye jagi la maji yaliyochemshwa na kupoa, bila sukari. Wengine watakunja uso siku ya kwanza.

Chatne ndiyo inayomaliza kopo. Twanga au saga konzi mbili za majani, konzi moja ya giligilani, pilipili mbichi moja, punje ya kitunguu saumu, chumvi na nazi kidogo iliyokunwa. Ndimu ikamuliwe mapema, wakati wa kusaga, ili rangi isiwe nyeusi. Inakwenda na muhogo wa kukaanga, bajia, hata samaki wa kuchoma. Yenye nazi iliwe siku hiyohiyo.

Unapovuna, kata juu ya kifundo, matawi mawili yatatoka hapo. Usichukue zaidi ya theluthi ya mmea kwa mara moja, na ng'oa vichwa vya maua vinapochomoza. Baada ya mwaka mizizi huwa imejaza kopo na majani yanakuwa madogo. Umwage wote chini, ugawe kwa kisu, urudishe vipande vitatu kwenye udongo mpya, na vilivyobaki uwape majirani waliokuwa wakiomba.