Ramani za Rada za Ngorongoro: Kwa Nini Karatu Inaweza Kuonekana Imezama Bila Kusogea

Mlima Oldoinyo Lengai, uliopo Wilaya ya Ngorongoro mkoani Arusha, ulilipuka kwa nguvu Septemba 4, 2007 na kurusha majivu juu ya makazi na malisho ya wafugaji. Wiki chache kabla, eneo la Gelai, mashariki mwa mlima huo, lilikumbwa na mfululizo wa matetemeko ya ardhi. Kubwa kuliko yote lilitokea Julai 17 likiwa na ukubwa wa 5.9, na mitikisiko ya siku hizo ilisikika hadi Nairobi. Mwaka uliofuata, wanasayansi walionesha kwa picha za rada za setilaiti Envisat ya Ulaya na ALOS ya Japani kwamba magma ilikuwa imepenya kwenye ufa chini ya Gelai, na ardhi iliyo juu yake ikashuka kwa makumi ya sentimita.

Leo ramani za namna hiyo si za wataalamu wachache tena. Setilaiti za Sentinel-1 za Ulaya, ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka 2014, hurudi juu ya eneo lilelile kila baada ya siku 12, na data zake hutolewa bure. Mtu yeyote mwenye kompyuta na ujuzi anaweza kutengeneza ramani ya Ngorongoro yenye rangi nyekundu na buluu, na ramani hiyo ikasambaa kwenye simu za wananchi kabla ya taarifa rasmi kutolewa. Kwa familia iliyojenga chini ya volkano hai, rangi hizo si jambo dogo. Hata hivyo, maana yake hutegemea jambo ambalo mara nyingi haliandikwi kwenye ramani: sifuri imewekwa wapi.

Rada hutuma wimbi la redio hadi ardhini na kupokea mwangwi wake. Kwa Sentinel-1, urefu wa wimbi hilo ni takriban sentimita 5.6. Kinachorekodiwa ni awamu, yaani hatua ambayo wimbi limefikia katika mzunguko wake linaporudi, mithili ya mshale wa saa unaoonesha dakika bila kueleza ni saa ngapi. Picha mbili za tarehe tofauti zikilinganishwa, tofauti ya awamu hueleza ni kiasi gani ardhi imeisogelea setilaiti au kwenda mbali nayo. Kwa kuwa wimbi huenda na kurudi, mzunguko mmoja ni sentimita 2.8. Lakini setilaiti iko karibu kilomita 700 angani, na idadi ya mizunguko yote iliyomo katika umbali huo haijulikani. Kinachopatikana ni tofauti kati ya sehemu moja ya picha na nyingine. Hivyo mchakataji hulazimika kuchagua sehemu moja na kuifanya sifuri.

Mpima viwanja naye huanzia kwenye bikoni. Ila bikoni imefukiwa ardhini, ilhali sifuri ya ramani ya rada huchaguliwa ofisini na hubadilishwa kwa mstari mmoja wa maandishi. Katika programu huria ya MintPy, kwa mfano, amri ni hii:

reference_point.py velocity.h5 --lat -3.34 --lon 35.67

Amri hiyo huhamishia sifuri katika mji wa Karatu. Kompyuta husoma thamani ya sehemu hiyo na kuitoa katika kila sehemu nyingine ya ramani, bila kugusa kipimo chochote cha awali.

Tuchukue mfano wa kubuni. Sifuri ikiwa Karatu, ramani inaonesha chini ya mlima kumeinuka sentimita 3 na kilele kimeshuka sentimita 1. Sifuri ikihamishiwa chini ya mlima, kilele kinasomeka kimeshuka sentimita 4, na Karatu, iliyo umbali wa takriban kilomita 70, imeshuka sentimita 3. Mkazi wa Karatu akitumiwa ramani hii ya pili peke yake, atadhani mji wake unazama. Hata hivyo tofauti kati ya chini ya mlima na kilele ni sentimita 4 katika ramani zote mbili.

Basi, kwa nini sifuri ihamishwe? Kwa sababu sehemu zote hazifai sawasawa. Karatu ina sifa nzuri: mapaa ya bati na kuta hurudisha mwangwi ule ule mwezi hadi mwezi. Lakini iko mbali na mlima, na imejengwa juu sana kuliko bonde la Ziwa Natron. Unyevunyevu wa hewa huchelewesha wimbi la rada, na hewa ya nyanda za juu haifanani na ya bondeni. Ukungu wa ukingo wa Kreta ya Ngorongoro unaweza kusomeka kama mwendo wa ardhi. Tatizo kubwa zaidi ni msitu uliopo kati ya Karatu na ukingo huo. Majani hubadilika kila siku, mwangwi huvurugika, na kompyuta inayohesabu mizunguko kuvuka msitu huweza kupoteza mmoja. Hapo upande wote wa kaskazini utaruka kwa sentimita 2.8 ambazo hazikuwahi kutokea. Kwa sababu hiyo anayechunguza Lengai pekee hufanya vyema kuchagua mwamba mkavu ulio karibu, ila usiwe karibu kiasi cha kusogea pamoja na mlima wenyewe. Kwa maoni ya mwandishi, uamuzi huu una uzito kuliko rangi zote za ramani, nao ndio unaopewa nafasi ndogo zaidi.

Wanajimu wa redio wana kazi inayofanana na hii. Antena zao kadhaa hupokea mawimbi ya nyota kwa pamoja, na data hupangwa kuzunguka kituo kimoja cha awamu angani. Programu kama chgcentre hukihamisha kituo hicho kwa amri moja yenye jina la faili na majira mapya ya anga, lakini antena zenyewe hubaki zilikoelekezwa siku ya upimaji. Anga ambalo antena hazikulitazama haliwezi kuongezwa kwa hesabu.

Kwa Lengai, msaada umetoka ardhini. Tangu mwaka 2016, mtandao wa TZVOLCANO, unaohusisha Chuo Kikuu Ardhi na Virginia Tech ya Marekani, umekuwa na vipokezi vya GNSS kuuzunguka mlima, na vilibaini kuinuka kwa ardhi kulikoanza mwaka 2022. Kipokezi cha aina hiyo hupima nafasi yake kwa kulinganishwa na dunia nzima, hivyo sifuri ya ramani ya rada ikiwekwa kwenye kipokezi, mwendo wa sifuri yenyewe hujulikana. Na mwendo huo upo: bamba la ardhi lililobeba eneo hili lote, Karatu ikiwemo, husogea kuelekea kaskazini-mashariki kwa takriban sentimita 3 kila mwaka.