Si Kila "How Are You?" Huulizia Hali

Kwetu Pwani, kumpita mtu njiani bila ya kumtolea salamu ni ukosefu wa adabu. Tangu chuoni tumefunzwa kwamba kuanza salamu ni sunna na kuijibu ni wajibu. Ndiyo sababu huwahurumia vijana wetu wanaokwenda ugenini na Kiingereza chao cha darasani, wakidhani salamu za lugha hiyo ni mamoja popote inaposemwa. Sivyo hata kidogo.

Darasani tulikaririshwa: ukiulizwa "How are you?", jibu "I am fine, thank you." Lakini mwuza duka wa Marekani huyatamka maneno hayo huku mkono uko kwenye pesa, wala hangoji habari za mgonjwa wako. Kijana wetu akianza kueleza, huona hasikizwi. Huvunjika moyo, akadhani amedharauliwa kwa ugeni wake. Hakudharauliwa. Kwani sisi je? Hata mwenye homa akiambiwa "Hujambo?" hujibu kwanza "Sijambo", ndipo aeleze maradhi yake.

Waingereza nao husalimiana kwa "You all right?" Mmarekani akiulizwa hivyo hujitazama, akadhani ameonekana ana dhara. Ile "How do you do?" ya wazee wao si swali, jibu lake ni maneno yayo hayo. Kwa kufupishwa, salamu ya namna hiyo ndiyo iliyozaa "Howdy" ya Texas. Ukifika Yorkshire utasikia "Ey up", na Australia "G'day".

Kisiwani Trinidad, mtu akifika kwa watu usiku husema "Good night". Mwingereza atadhani anaaga, kumbe ndiyo kwanza anabisha hodi! Nchini Nijeria, ukimkuta mtu kazini humwambia "Well done". Si kwamba kazi imekwisha. Ni kama sisi tusemavyo "Pole na kazi". Wayoruba wana salamu yao ya mtu aliye kazini, nayo wameivisha nguo ya Kiingereza.

Hata "Hello" ina kisa chake. Simu ilipozuka, Alexander Graham Bell alipendelea watu waitikie "Ahoy", neno la mabaharia. Thomas Edison ndiye aliyependekeza "Hello" mwaka 1877, nayo ikashinda. Na "Goodbye" wanayoagana nayo asili yake ni dua: Mungu awe nawe.

Basi msomaji, ukiwa na mwana anayesafiri, au anayewapokea wageni hotelini hapa petu, mwusie jambo moja. Asikize kwanza wenyewe wanavyojibizana, ndipo naye ajibu. Wahenga walisema, ukenda kwa wenye chongo, nawe funga lako jicho. Urafiki mwingi huvunjika mlangoni, kabla watu hawajakaa kitako wakajuana.